Waliirefusha kamba, hawakuifungua: kisa cha wachezaji wa Uingereza, 1957 hadi 1964

Jumatano ya tarehe 18 Januari 1961, zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya Jumamosi ambayo wachezaji wa soka wa kulipwa wa Uingereza walikuwa wameapa kutoingia uwanjani, viongozi wa chama chao na viongozi wa Ligi walikubaliana katika Wizara ya Kazi jijini London. Mgomo ukafutwa. Magazeti yakashangilia kifo cha £20, kima cha juu kabisa ambacho mchezaji yeyote, hata awe winga Stanley Matthews, staa mkubwa kuliko wote, aliruhusiwa kulipwa kwa wiki. Muda si mrefu Fulham ikamtangaza nahodha wake, Johnny Haynes, kuwa mchezaji wa £100 kwa wiki. Tangu hapo kisa hiki kimekuwa kikisimuliwa kama kisa cha mshahara.

Kwangu mshahara ndio sehemu yake nyepesi. Wachezaji walikwenda mezani na mambo mawili mazito. La kwanza lilihusu pesa. La pili lilihusu nani ana kauli juu ya mchezaji mkataba wake unapokwisha. Klabu zililitoa la kwanza kwa shingo upande. La pili zikalikubali mezani, kisha zikalikana. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na Januari ile kamba ilirefushwa sana. Kuifungua kulihitaji miaka mingine miwili na nusu, jaji mmoja, na mchezaji mmoja aliyekuwa tayari kukaa nje ya uwanja bila mshahara.

Kanuni mbili zilizoegemeana

FA, chama cha soka cha Uingereza, iliruhusu mchezaji alipwe mwaka 1885. Ligi ikaanzishwa mwaka 1888 na klabu 12. Waliotunga kanuni zake walikuwa wenyeviti na wakurugenzi wa klabu, watu wa biashara wa miji yao. Mchezaji hakuwa na kura kwenye vikao vya Ligi wala kiti ndani ya FA. Alikuwa anasomewa kanuni, kisha anasaini.

Kanuni ya kwanza ilikuwa kima cha juu cha mshahara. Ilianza msimu wa 1901 kwa £4 kwa wiki. Mwaka 1922 kilikuwa £8 wakati wa msimu na £6 wakati wa kiangazi, na mwaka 1958 kikafika £20 na £17. Wengi hawakukifikia kabisa, maana hicho kilikuwa dari na hakuna aliyeahidiwa kukifikia. Sababu iliyotolewa ni kulinda klabu ndogo zisinyang'anywe wachezaji na klabu tajiri, na sidhani ni haki kuiita uongo mtupu. Lakini ilikuwa pia njia rahisi ya klabu zote, kubwa kwa ndogo, kukubaliana zisishindane kwa pesa ya mfanyakazi.

Kanuni ya pili ndiyo iliyokuwa na meno. Iliitwa mfumo wa kubakiza na kuhamisha. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja. Kila msimu ukiisha, klabu ilitoa orodha ya inaowabakiza na inaowauza. Aliyebakizwa akikataa kusaini upya, usajili wake ulibaki mikononi mwa klabu ileile. Hakuweza kuchezea klabu nyingine ya Ligi, na klabu haikulazimika kumlipa hadi asaini. Mkataba ulimfunga, kwisha kwa mkataba hakukumfungua.

Kanuni hizi mbili ziliegemeana kama papi za paa. Kima cha juu kisingedumu iwapo mchezaji angekuwa huru kuondoka, kwa sababu mwajiri mwenye pesa angetafuta njia ya kumzidishia. Na kama mshahara ni uleule kila mahali, mwenye hamu ya kuhama ni wachache. Penye mwanya palipenya bahasha. Mwaka 1957 Sunderland ilifumaniwa ikiwalipa wachezaji pembeni, wakurugenzi wakaadhibiwa na wachezaji pia.

Visa viwili vinaonyesha mfumo ulivyofanya kazi. Mwaka 1952 rais wa klabu ya Palermo ya Italia alimwekea Tom Finney wa Preston £10,000 za kusaini, mshahara ambao Uingereza usingewezekana, nyumba na gari. Preston ikakataa, na mambo yakaishia hapo. Mwaka 1957 John Charles wa Leeds alikwenda Juventus kwa ada ya £65,000, kwa sababu Leeds ilikuwa na shida ya pesa na ilizitaka. Mmoja alibaki, mwingine akaondoka. Katika visa vyote viwili aliyeamua ni klabu.

Waliotangulia

Si kwamba watu walilala. Desemba 1907, katika hoteli moja ya Manchester, Billy Meredith na wenzake walianzisha chama cha wachezaji. Meredith alikuwa winga wa Wales aliyezoea kucheza huku akitafuna kijiti cha meno, na alikuwa na ulimi mkali kuliko kijiti hicho. Chama kilipotaka kujiunga na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, FA ikakiondolea utambuzi na mwaka 1909 ikaamuru wachezaji wajitoe la sivyo wafungiwe. Wengi walijitoa. Wachezaji wa Manchester United, waliokuwa wametoka kutwaa Kombe la FA, walikataa. Wakafungiwa, wakafanya mazoezi peke yao, wakapiga picha na kibao kinachosema Outcasts FC, yaani klabu ya waliotengwa. Kabla msimu haujaanza FA ilirudisha utambuzi wa chama, na baadaye wanachama wakapiga kura ya kutojiunga na shirikisho. Walipata jina lao, wakapoteza mgongo wa kuegemea.

Mwaka 1912 chama kikajaribu mahakama, katika kesi ya Herbert Kingaby dhidi ya Aston Villa. Kikashindwa, na gharama karibu zikimalize. Kushindwa kule kulikuwa na uzito kuliko inavyodhaniwa: kwa miaka hamsini viongozi wa klabu waliamini sheria iko upande wao, na viongozi wa wachezaji waliogopa kurudi kuuliza.

Baada ya Vita vya Pili viwanja vilifurika. Msimu wa 1948/49 mechi za Ligi zilitazamwa na watu zaidi ya milioni 41. Mwaka 1947 usuluhishi wa serikali ulikipandisha kima hadi £12. Jimmy Guthrie, mwenyekiti wa chama wakati huo, alikiingiza chama katika shirikisho kuu la wafanyakazi, akasimama mbele ya mkutano wake kuwaambia kwamba wachezaji ndio watu wa mwisho nchini waliobaki katika vifungo. Lugha ile ya utumwa imerudiwa mara nyingi. Mimi siipendi, mtu anayelipwa zaidi ya mfanyakazi wa kiwandani si mtumwa, na kumwita hivyo kuliwapa wenyeviti nafasi ya kucheka badala ya kujibu.

Ndevu na faili

Mwaka 1957 Guthrie aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Jimmy Hill, mchezaji wa Fulham mwenye ndevu, jambo lililokuwa adimu kwa mwanasoka wa enzi zile. Hill alipenda kusikika na alijua kusema kwa maneno ambayo gazeti lingeyachapa kesho yake. Kashfa ya Sunderland ilipozuka, alizunguka akiwaomba wachezaji wa klabu nyingine wasaini tamko kwamba nao waliwahi kupokea pesa za pembeni. Hoja ilikuwa nyepesi na ya hatari: mkiwaadhibu hawa, tuadhibuni sote. Kwa mara ya kwanza wachezaji wa kawaida walitia saini jambo lililoweza kuwagharimu kazi, na walifanya hivyo kwa ajili ya watu wasiowajua.

Mwaka 1958 chama kikabadili jina, kikaacha neno linalonukia kiwanda na kujiita PFA, chama cha wanasoka wa kulipwa. Wapo waliodhihaki badiliko hilo. Nadhani lilikuwa la akili. Wachezaji wengi walitoka katika nyumba za wafanyakazi lakini hawakujiona wafanyakazi tena, na wasomaji wa magazeti walikuwa wepesi kumsikiliza mtaalamu kuliko mgomaji.

Nyuma ya Hill alikuwepo Cliff Lloyd, katibu tangu 1953, mchezaji mstaafu mtaratibu ambaye jina lake halijulikani na wengi. Lloyd ndiye aliyezisoma kanuni za Ligi moja moja, aliyepokea barua za wachezaji wenye malalamiko, aliyejua nani alibakizwa na kwa masharti gani. Hill alikuwa sauti. Lloyd alikuwa kumbukumbu. Chama chenye sauti pekee kingefika Januari 1961 na kuishia pale.

Baridi ya mgomo

Katika msimu wa 1960/61 chama kilipeleka madai yake: kima cha juu kifutwe, mfumo wa kubakiza ubadilishwe, mchezaji apate sehemu ya ada anapouzwa, na mkataba uandikwe upya. Ligi ilijibu kwa vijizawadi: kuongeza kidogo hapa, mkataba mrefu kidogo pale. Aliyekuwa akijibu hasa ni katibu wa Ligi, Alan Hardaker, mtu mgumu na hodari wa kazi yake, ambaye aliamini kwa dhati kwamba anailinda Ligi dhidi ya wachezaji na dhidi ya wenyeviti vilevile.

Ligi ilidai haina pesa. Dai hilo lilikuwa limeanza kuvuja. Mwaka 1959 Ligi yenyewe ilishinda mahakamani dhidi ya Littlewoods, kampuni ya kubashiri matokeo, na kuthibitisha kwamba ratiba ya mechi ni mali yake. Kuanzia hapo kampuni za kubashiri zilitakiwa kuilipa angalau £245,000 kila mwaka. Yaani orodha ya mechi ilikuwa na bei sokoni, lakini wanaozicheza mechi hizo hawakuwa na lao.

Novemba 1960 chama kiliitisha mikutano London, Birmingham na Manchester. Huo wa Manchester una kisa kinachosimuliwa mpaka leo. Kijana mmoja kutoka klabu ndogo alisimama akasema baba yake anachimba makaa ya mawe kwa pesa pungufu ya yake, basi haoni haki ya kugoma. Ukumbi ukanywea, maana hoja ilikuwa ya kweli na wengi walikuwa na baba wa aina hiyo. Ndipo akasimama Tommy Banks, beki wa kushoto wa Bolton na timu ya taifa, ambaye mwenyewe aliwahi kushuka mgodini. Akamwambia kijana akamweleze baba yake kwamba yeye Banks anaiweza kazi ya mgodini. Je, baba naye anaweza kumkaba huyu ndugu Matthews mbele ya watu elfu thelathini? Matthews alikuwa amekaa palepale. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, kisha wakapiga kura, na waliokataa mgomo walihesabika kwa vidole.

Nimeutaja mkutano huo kwa sababu ya Matthews, si kwa sababu ya mzaha. Alikuwa na umri wa miaka 45, maarufu kuliko wote, hakuhitaji mgomo ule kwa lolote. Kuwepo kwake kulimaanisha kwamba mwenyekiti wa klabu hawezi tena kusema hii ni kelele ya wasio na kipaji. Na kura ya mchezaji wa Daraja la Nne, la chini kabisa katika Ligi, ilimaanisha hawezi kusema hii ni tamaa ya mastaa. Katika migogoro ya namna hii mwajiri hutafuta ufa kati ya makundi hayo mawili. Safari hii hakuupata.

Tarehe ikapangwa: Jumamosi 21 Januari 1961. Ligi ikafikiria kuzirudisha mechi nyuma hadi Ijumaa, wachezaji wakasema hata Ijumaa hawatacheza. Vyama vya wafanyakazi viliahidi kuwaunga mkono. Na ile pesa ya ubashiri ikageuka mtego: Jumamosi bila mechi ni wiki bila kuponi za kubashiri, na hasara yake ingewafikia watu wengi walio nje ya viwanja. Serikali haikuwa na mapenzi na £20 wala chuki nayo, lakini haikutaka Jumamosi ile. Waziri wa Kazi, John Hare, akawaita mezani.

Mapema mwezi huohuo, katika mkutano wao, wenye klabu walikuwa tayari wamekubali kima cha juu kiondoke. Hapo wengi wangetangaza ushindi na kwenda nyumbani. Hill na Lloyd hawakufuta mgomo, kwa sababu mfumo wa kubakiza haukuguswa. Kwa maoni yangu hilo ndilo tendo bora la Hill katika kisa kizima, na huwa halisimuliwi.

Kilichokubaliwa na kilichokanwa

Makubaliano ya tarehe 18 yaligusa yote mawili. Kima cha juu kimefutwa. Na utaratibu wa kubakiza utalegezwa ili mchezaji asiyekubaliana na klabu asiozee kwenye orodha. Mgomo ukaondolewa.

Kisha hati ikarudi kwa wenye klabu, nao wakaikataa sehemu ya pili. Rais wa Ligi, Joe Richards, alikuwa mezani pale London, lakini kanuni za Ligi zilibadilishwa kwa kura za klabu, na klabu hazikujiona zimefungwa na neno lake. Wachezaji walikuwa wamekwishavaa viatu. Msimu ulikuwa unaendelea, mishahara mipya inajadiliwa, Haynes ana £100 zake. Nani angewarudisha kwenye kumbi za Novemba kwa ajili ya kifungu cha orodha ya kubakizwa?

Hapa ndipo penye somo la kiufundi la kisa hiki, na halina uhusiano na ujasiri. Chama kiliitumia silaha yake pekee, ile ya kuusimamisha mchezo, kwa malipo ya aina mbili. Malipo ya kwanza yalikuwa taslimu. Ya pili yalikuwa ahadi iliyotolewa na mtu asiye na mamlaka ya kuitimiza. Mgomo ni kama kiberiti; njiti iliyokwisha kuwashwa huwezi kuirudisha kwenye boksi.

Kuna pia ukweli usiopendeza upande wa wachezaji. Pesa mpya haikugawanyika sawasawa. Wa daraja la juu walipanda haraka; klabu nyingi za chini zilipunguza vikosi, na idadi ya wachezaji wa kulipwa ilishuka katika miaka iliyofuata. Yule kijana wa klabu ndogo alikuwa na haki ya kujiuliza alipigia kura kitu gani. Wala chama hiki hakikuwa sauti ya wote waliocheza: tangu 1921 FA ilikuwa imezizuia klabu zake kuwapa wanawake viwanja, na marufuku hiyo haikuwa mezani Wizara ya Kazi. Ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Eastham

Wakati hayo yakiendelea kulikuwa na njia ya pili, na Lloyd alikuwa ameishikilia.

George Eastham alikuwa mshambuliaji mwembamba wa Newcastle United, fundi wa pasi. Aligombana na klabu kuhusu nyumba aliyopewa, kuhusu kazi ya ziada aliyoahidiwa, na kuhusu kuzuiwa kwenda kuichezea timu ya vijana ya taifa. Mkataba wake ulipokwisha katikati ya 1960 aliomba kuondoka. Newcastle ikambakiza. Akakataa kusaini, akaenda kusini mwa nchi kufanya kazi ya uuzaji kwa rafiki wa familia, akakaa miezi bila mpira. Kabla mwaka haujaisha Newcastle ikalegea na kumuuza Arsenal kwa £47,500.

Kwa kawaida kesi ingeishia hapo. Mlalamikaji amepata alichotaka, mshtakiwa amepata pesa yake, kila mtu arudi kwake. Chama kilimwomba Eastham aendelee, kikabeba gharama, naye akakubali kuwa jina kwenye jalada kwa ajili ya jambo lisilomsaidia tena. Walioshtakiwa hawakuwa Newcastle peke yao. FA na Ligi walikuwemo.

Kesi ilisikilizwa mbele ya Jaji Richard Wilberforce, kilembwe wa yule William Wilberforce aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Historia ina mizaha yake, na Guthrie bila shaka aliufurahia huu. Upande wa utetezi ulisema mambo matatu ya msingi: mchezaji huingia kwa hiari yake, bila mfumo huu klabu tajiri zitameza zote, na zaidi ya hapo, Ligi na FA hazina mkataba na Eastham, kwa hiyo hana la kuzidai.

Hukumu ilitolewa tarehe 4 Julai 1963. Jaji alisema kumbakiza mtu baada ya mkataba wake kwisha ni kumzuia asifanye kazi yake bila sababu ya haki. Ada ya uhamisho peke yake aliiona ina ubaya mdogo; ada na kubakiza vikiunganishwa, havikubaliki. Kuhusu hofu ya klabu ndogo, alitazama ushahidi na hakuona kwamba mfumo huu ndio unaozilinda. Aliueleza kuwa mfumo uliowekwa na waajiri waliofanikiwa kusimama kama ukuta mmoja, na akataja kwamba ushahidi wa Cliff Lloyd ulikuwa karibu na hali halisi ya mchezo kuliko wa baadhi ya mashahidi wa upande wa pili. Miaka kumi ya kupokea barua za watu ilikuwa imepata msikilizaji.

Ila uzito mkubwa, kwa anayefuatilia habari ya sauti ya wachezaji, uko kwenye ile hoja ya tatu. Jaji alikataa kwamba kukosa mkataba na Ligi kunamfunga Eastham mdomo. Kanuni ikiigusa riziki yako, unaweza kuiomba mahakama iitazame hata kama hukuwepo ilipotungwa na hukualikwa. Hukumu haikumpa mchezaji kiti kwenye baraza. Ilimpa uwezo wa kuishtaki kanuni, na baraza linalojua hivyo huanza kuuliza kabla ya kutunga.

Mlango huo umetumika mara nyingine kwenye mahakama nyingine. Jean-Marc Bosman aliupitia mwaka 1995 katika Mahakama ya Ulaya, akipinga ada kwa mchezaji aliyemaliza mkataba. Lassana Diarra aliupitia tarehe 4 Oktoba 2024, mahakama hiyohiyo ilipoamua kwamba baadhi ya kanuni za uhamisho za FIFA zinakiuka sheria za Umoja wa Ulaya. Desemba iliyofuata FIFA ilitoa kanuni za muda, na FIFPRO, shirikisho la vyama vya wachezaji duniani, ikalalamika kwamba zimetoka bila majadiliano ya kweli ya pamoja. Aliyezipitia kumbukumbu za 1961 atazitambua hatua za ngoma hiyo.

Eastham mwenyewe hakuambulia fidia. Jaji aliona kwamba malipo ya miezi aliyogoma yalikuwa hiari ya Newcastle. Aliendelea na Arsenal, akawa katika kikosi cha Uingereza cha Kombe la Dunia la 1966, na mwaka 1972, akiwa na miaka 35, akaifungia Stoke City bao la ushindi dhidi ya Chelsea katika fainali ya Kombe la Ligi.

Kiti cha tatu

Mwaka 1964 kanuni ziliandikwa upya, safari hii chama kikiwa ndani ya majadiliano na hukumu ikiwa juu ya meza. Klabu inayotaka kumbakiza mchezaji ilipaswa kumpa masharti yasiyo duni kuliko ya awali. Ikishindwa, aondoke bure. Wakishindwa kuelewana, mgogoro ungefika kwenye baraza lenye mwenyekiti asiye wa upande wowote, mwakilishi wa Ligi, na mwakilishi wa PFA.

Kiti hicho cha tatu nakiweka juu ya £100 za Haynes. Kilikuwa mahali pa kwanza ndani ya utawala wa Ligi ambapo mtu wa wachezaji aliamua jambo, badala ya kulisikia likisomwa. Hakikuja kwa ukarimu, na hakikuja na mgomo peke yake pia. Mgomo ulifungua mazungumzo, mahakama ikaondoa uwezekano wa kuyakana.

Wengine walitazama. Ufaransa, mwaka uleule wa 1961, Eugène N'Jo Léa, Mkameruni aliyeichezea Saint-Étienne huku akisomea sheria, alianzisha chama cha wachezaji pamoja na Just Fontaine. Desemba 1965 vyama vya Ufaransa, Uingereza, Uskochi, Italia na Uholanzi vikakutana Paris na kuunda FIFPRO.

Hata hivyo mfumo wa 1964 uliacha kamba kidogo shingoni: klabu iliyoendelea kutoa masharti yaleyale iliweza kuendelea kumbakiza mtu. Chama kilirudi mezani tena na tena, hatua kwa hatua, bila ndevu na bila kamera, kwani Hill aliacha kucheza mwaka huohuo wa 1961 akaenda kuifundisha Coventry City, kisha akawa mtu wa televisheni. Mwaka 1978 klabu zilikubali kwamba mkataba ukiisha mchezaji achague pa kwenda, na klabu mbili zisipokubaliana ada, baraza huru liipange. Aliyekuwa katibu wa chama siku hiyo ni Cliff Lloyd. Alikabidhi faili zake kwa Gordon Taylor mwaka 1981.